Bonde la Iya hatua kwa hatua: milima ya Shikoku ambako wageni wengi wa Japani hawafiki

Nianze na jambo ambalo ukilishika, hata ukisahau mengine yote, safari yako itakufaa: Iya si mahali pa kwenda asubuhi na kurudi jioni. Mara yangu ya kwanza nilifanya hivyo. Nilishuka kwenye basi, nikavuka daraja, nikapiga picha, nikala bakuli la tambi, nikageuza. Nikarudi mjini nikijihesabu kuwa nimeiona Iya, kumbe nilichokiona ni kituo cha mabasi na daraja lake. Mara ya pili nililala siku mbili. Ilikuwa mwishoni mwa Aprili. Asubuhi nikamkuta bibi mmoja kwenye shamba lililosimama karibu kama ukuta, anatandaza nyasi kavu juu ya udongo, konzi kwa konzi, mguu mmoja juu na mwingine chini. Mimi ni mtoto wa Mbinga, kusini mwa Tanzania, nimelelewa kwenye ngoro, yale mashamba ya mashimo ya mteremkoni. Nilisimama pale nikimtazama mpaka akaacha kazi akanikaribisha chai.

Mwongozo huu ni wa safari kama ile ya pili.

Iya ni wapi

Japani ina visiwa vinne vikubwa, na Shikoku ndicho kidogo kuliko vyote. Iya iko katikati yake, upande wa magharibi wa mkoa wa Tokushima, chini ya mji wa Miyoshi. Ni korongo refu lililochimbwa na Mto Iya kabla haujaungana na Mto Yoshino, na vijiji vyake havikukaa bondeni karibu na maji kama ambavyo ungetarajia. Vimepanda juu, vimejibandika ubavuni mwa mlima, kwa sababu chini jua hufika kwa saa chache tu.

Wenyeji husimulia kwamba mwaka 1185, ukoo wa Taira uliposhindwa na ukoo wa Minamoto katika vita vya Yashima, pwani ya kaskazini mwa kisiwa hiki, baadhi ya walionusurika walikimbilia huku. Ukiiona njia ya kuingilia utaelewa kwa nini walipachagua. Hata leo barabara ni ya kujikunja, upande mmoja jabali, upande wa pili genge.

Mwaka 2024 Japani ilipokea wageni zaidi ya milioni 36, na wengi wao huzunguka Tokyo, Kyoto na Osaka. Kyoto wanabanana mpaka wenyeji wanakosa nafasi kwenye basi. Iya, ukishaliacha lile daraja maarufu la Kazurabashi, unaweza kutembea saa nzima usikutane na mtu. Ukimya huo una sababu ya kusikitisha: vijana walihamia mijini, wazee wakabaki, na kila mwaka kuna nyumba inayofungwa mlango. Ndiyo maana nasisitiza kulala. Anayelala hula kwa mtu, hununua kwa mtu, huacha pesa mlimani. Anayepita huacha picha.

Hatua ya 1: chagua majira kabla ya kuchagua tarehe

Nyakati mbili ni nzuri kuliko zote. Ya kwanza ni Mei, majani mapya yakiwa kijani cha kung'aa na mashamba yakiwa na watu. Ya pili ni kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Novemba, majani yanapogeuka mekundu na manjano kuanzia vileleni na kushuka bondeni siku baada ya siku. Epuka wiki ya sikukuu inayounganisha mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, na pia katikati ya Agosti, wakati Wajapani wenyewe hurudi vijijini kuwakumbuka wafu wao. Vyumba huisha mapema na daraja huwa na foleni.

Juni na sehemu ya Julai ni masika yao. Agosti na Septemba huja vimbunga, na kimbunga kikipita milima hii barabara inaweza kufungwa kwa maporomoko. Januari na Februari kuna theluji na barafu njiani. Wako wanaoipenda Iya ya theluji, lakini kwa anayetoka kwetu na hajawahi kutembea juu ya barafu, siishauri kwa safari ya kwanza.

Hatua ya 2: viza na ratiba

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda au Kongo anahitaji viza. Ubalozi wa Japani utataka, pamoja na mengine, ratiba ya siku kwa siku: utalala wapi, anwani na simu ya kila mahali. Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kujaza hoteli za Tokyo tupu. Usikate tamaa. Nyumba za kulala wageni za kienyeji, zinazoitwa minshuku, zina anwani na simu kama hoteli yoyote. Weka nafasi kwanza, kisha ijaze ratiba.

Hatua ya 3: kufika

Njia rahisi ni hii. Kutoka stesheni ya Shin-Osaka panda shinkansen, treni ya mwendo kasi, hadi Okayama, ni chini ya saa moja. Kutoka Tokyo ni kama saa tatu na nusu. Okayama unabadilisha, unapanda treni ya haraka iitwayo Nanpu inayoelekea Kochi, na unashuka stesheni ya Oboke baada ya saa mbili kasoro. Njiani utavuka bahari juu ya Seto Ohashi, mfululizo wa madaraja uliofunguliwa mwaka 1988: magari yanapita ghorofa ya juu, treni ya chini, na visiwa vidogo vinapita dirishani kimoja kimoja. Weka simu chini dakika hizo.

Kuhusu tiketi, usinunue kwa mazoea ile pasi ya treni ya Japani nzima. Tangu Oktoba 2023 ya siku 7 ilipanda kutoka yen 29,650 hadi yen 50,000, na kwa anayekwenda Shikoku na kurudi Osaka hailipi. Ipo pasi ya Shikoku peke yake kwa wageni wenye pasipoti za nje, yenye bei nafuu zaidi. Ila inaanzia stesheni ya Kojima, kabla tu ya daraja, kwa hiyo kipande cha kutoka Okayama hadi Kojima unakilipia mwenyewe. Zile kadi za kugusa za Tokyo na Osaka hazifanyi kazi Oboke. Tiketi ya karatasi, iweke mahali utakapoiona.

Kutoka Oboke ni basi, na mabasi ni machache. Simaanishi machache kama ya mjini, namaanisha unayahesabu kwa vidole. Ukifika tu, kabla hujatazama mandhari, piga picha ratiba iliyobandikwa kituoni, ya kwenda na ya kurudi, na angalia safu ya siku za kazi tofauti na ya Jumamosi na Jumapili. Mimi niliwahi kusoma safu isiyo yangu, nikakaa kwenye benchi la mbao saa mbili na nusu huku jua likizama, mpaka dereva wa lori la mbao akanionea huruma.

Kupanda basi kuna utaratibu wake. Unaingilia mlango wa nyuma na kuchomoa kikaratasi chenye namba. Mbele, juu ya dereva, kuna ubao wenye namba, na chini ya kila namba nauli inapanda kadiri mnavyokwenda. Ukifika, unashukia mlango wa mbele na kutumbukiza kikaratasi pamoja na nauli kamili kwenye sanduku. Sanduku halirudishi chenji. Pembeni yake kuna mashine ya kuvunja noti ya yen 1,000 kuwa sarafu. Ivunje wakati basi limesimama, si wakati watu wamejipanga nyuma yako. Noti ya yen 10,000 kwenye basi la mlimani ni tatizo.

Je, kukodi gari? Kungekuwa rahisi sana, na Wajapani huendesha kushoto kama sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda. Lakini Japani hutambua kibali cha kimataifa cha udereva kilichotolewa chini ya Mkataba wa Geneva wa 1949. Uganda, Rwanda na Kongo zimo kwenye mkataba huo. Tanzania na Kenya hazimo. Mwenye leseni ya Tanzania au Kenya asipange safari yake juu ya gari la kukodi. Na hata mwenye kibali, aendeshe polepole: barabara nyingi za huku zinatosha gari moja, na mkikutana, mmoja anarudi nyuma hadi penye upana.

Hatua ya 4: pesa taslimu na begi dogo

Toa pesa ukiwa Okayama. Mashine za posta na za maduka ya 7-Eleven hukubali kadi za nje, lakini ndani ya Iya ni chache na si za saa zote. Minshuku nyingi hupokea taslimu tu. Chumba pamoja na chakula cha jioni na cha asubuhi mara nyingi huanzia yen 8,000 hadi 10,000 kwa mtu, na huo mlo wa jioni peke yake ungelipia nusu yake mjini bila kinyongo.

Begi kubwa usilipandishe mlimani. Ipo huduma iitwayo takkyubin: unalikabidhi begi mapokezi ya hoteli au duka dogo, unalipia, na linakusubiri hoteli yako inayofuata, mara nyingi kesho yake. Wewe unabaki na begi la mgongoni lenye nguo za siku mbili, koti la mvua, tochi, na ramani uliyoipakua kabisa, kwa sababu mtandao huku unakatika.

Hatua ya 5: korongo la Oboke, kisha daraja la mitambazi

Oboke penyewe pana mashua inayokupitisha kwenye korongo kwa nusu saa hivi. Maji ni ya kijani kibichi, na miamba ya pande zote imelala kwa mshazari, tabaka juu ya tabaka, kama mbao zilizoegemezwa ukutani. Watu husema jina Oboke maana yake ni hatari ukipiga hatua kubwa, na Koboke, korongo la jirani, ni hatari hata ukipiga ndogo. Huku pia ndiko nyumbani kwa Konaki-jiji, pepo wa kizee anayelia njiani kama kitoto kichanga; ukimhurumia ukambeba, anaanza kuwa mzito, mzito, mpaka anakuwa jiwe mgongoni. Aliyekulia hadithi za kuambiwa usigeuke ukiitwa usiku atajisikia nyumbani.

Kisha basi la kwenda Kazurabashi, daraja la mitambazi, ile mimea ya porini inayojisokota kwenye miti. Urefu wake ni mita 45, upana mita 2, na liko mita 14 juu ya maji. Mtambazi unaotumika ni ndugu wa ule unaozaa tunda la kiwi. Husukwa upya kila baada ya miaka 3, wakati wa baridi, na siku hizi ndani ya mitambazi kumefichwa nyaya za chuma kwa usalama. Wenyeji husema wale wakimbizi wa Taira walijenga kwa mitambazi ili adui akitokea ng'ambo, panga mbili tatu zitoshe kulikata.

Nenda lifunguliwapo asubuhi, kabla mabasi ya watalii hayajaja. Vaa viatu vinavyobana mguu. Sakafu yake ni vipande vya mbao vilivyoachana kiasi cha unyayo wa mtoto kupita, na kati yake unaona mto ukikimbia. Simu iwe mfukoni mwenye zipu au ifungwe kamba mkononi. Ikikuponyoka hapo, ya mto. Njia ni ya upande mmoja, hakuna kurudi, kwa hiyo mwenye kizunguzungu aamue kabla ya kukata tiketi. Shika kamba ya pembeni, tazama mbao na si maji, na mbao zikiwa zimelowa kanyaga katikati. Ukimaliza, tembea dakika chache hadi maporomoko ya Biwa. Biwa ni gambusi la Kijapani, na jina linatokana na masimulizi kwamba waliokimbia walikuja kulipiga hapo wakiukumbuka mji mkuu waliouacha.

Wengi huishia hapa. Wewe panda basi linaloendelea juu.

Hatua ya 6: Ochiai, na nyasi zinazoshika mlima

Ochiai ni kijiji kilichopanda ubavu wa mlima kiasi kwamba kati ya nyumba ya chini kabisa na ya juu kabisa kuna tofauti ya mita 390 kwenda juu. Mwaka 2005 serikali ilikiweka kwenye orodha ya makazi ya kale ya kuhifadhiwa. Kwanza kiangalie kutoka ng'ambo ya bonde, upande wa Nakagami, ambako kimejengwa kituo cha kutazamia. Ukiwa ndani yake hukioni chote. Halafu ingia, upande kwa miguu kwa vijia vya zamani vinavyokata kati ya kuta za mawe na nyumba za watu.

Usiende haraka. Tazama mashamba. Mengine yana mwinamo wa nyuzi 40, na hayana matuta ya ngazi kama ya mpunga. Udongo umelala tu kwenye mteremko, na swali la kwanza la mkulima yeyote ni hili: mvua ikinyesha kwa nini hauondoki? Jibu ni nyasi. Wakati wa vuli hukata nyasi ndefu kwenye sehemu maalumu za mlima, huzikausha na kuzisimamisha kwa mafungu kuzunguka mti, yakawa kama vibanda vidogo vyenye ncha. Mafungu hayo huitwa koeguro. Majira ya kuchipua yakifika, nyasi hukatwakatwa na kutandazwa shambani. Hushika udongo, hutunza unyevu, zikioza zinakuwa mbolea. Udongo unaoteleza licha ya hayo hupandishwa juu tena kwa jembe lenye meno.

"Kila mwaka unashuka," yule bibi aliniambia huku akimimina chai. "Na sisi kila mwaka tunaurudisha." Kiganja chake kilikuwa kigumu kama gome. Kijapani changu hakikutosha kumweleza vizuri, ila nilichukua nyasi zake nikazipanga chini kwa miraba, nikaonyesha kwa vidole jinsi kwetu Umatengo wanaume wanavyofyeka nyasi na kuzilaza hivyo mteremkoni, halafu wanawake wanachimba udongo katikati na kuzifunika, yakabaki mashimo yanayomeza maji ya mvua. Alinyamaza akitazama ule mraba. Kisha akachukua nyasi nyingine akaongeza mraba wa pili pembeni.

Mwaka 2018 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, liliutambua ukulima huu wa miteremko ya Nishi-Awa, eneo ambalo Iya imo ndani yake, kama urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia. Orodha hiyo hiyo ina kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga wa Shimbwe Juu, Kilimanjaro. Na hao Wajapani wameshaijua ngoro: watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto walifanya kazi pamoja na wa Chuo Kikuu cha Sokoine huko Mbinga miaka ya 1990. Kwa hiyo mtu wa kwetu anapofika Ochiai haji kama mgeni wa kushangaa tu. Ana la kuzungumza na mkulima.

Adabu za hapa: usikanyage ukingo wa shamba, kwa sababu ukingo ukibomoka udongo wa juu wote unaanza safari. Usiingie uani kwa mtu ili upate picha nzuri. Makaburi yako kando ya njia na mashambani, pita kimya. Ukikuta kibanda chenye mboga, viazi au chai bila muuzaji, kopo la pesa liko pembeni. Mara nyingi ni yen 100 au 200 kwa fungu. Weka pesa, chukua fungu. Hakuna anayekutazama, na ndiyo sababu ya kuhesabu sarafu zako mara mbili.

Hatua ya 7: Nagoro na Mlima Tsurugi, kama una siku ya tatu

Kupanda zaidi mashariki kuna kijiji cha Nagoro. Utaona mtu ameketi kituoni, wengine wanalima, wengine wanachimba barabara. Ukikaribia, ni sanamu za nguo na majani makavu. Mama mmoja aliyerudi kutoka Osaka kumtunza baba yake alitengeneza ya kwanza kwa kazi ile tunayoijua, kuamia ndege shambani, na ikafanana na baba yake. Baadaye akaanza kutengeneza mfano wa kila jirani aliyefariki au kuhama. Sasa sanamu ni nyingi kuliko watu mara nyingi tu. Shule ya hapo ilifungwa 2012, na darasani wamekaa wanafunzi wa nguo. Usipite ukicheka. Kila sura pale ina jina.

Mbele zaidi kuna madaraja pacha ya mitambazi ya Oku-Iya, moja likiitwa la mume na jingine la mke. Pembeni yake kuna kitoroli cha mbao unachoketi na kujivuta kwa kamba kuvuka mto. Msitu umefunga pande zote na watu ni wachache. Mimi nayapenda kuliko lile la kwanza. Wakati wa baridi hufungwa.

Mlima Tsurugi una mita 1,955, wa pili kwa urefu Shikoku. Kuna viti vya kamba vinavyokupandisha kutoka Minokoshi hadi karibu mita 1,750, na hapo kilele ni mwendo wa chini ya saa moja. Viti navyo hupumzika majira ya baridi. Aliyepanda hata nusu ya Mlima Meru hatatoka jasho, lakini upepo wa juu ni mkali, chukua koti. Kuhusu dubu, ambao habari zao za Japani zinatisha watu: Shikoku wamebaki wachache mno, ndani kabisa ya milima hii, na wanasayansi wanahofia wataisha. Utakutana zaidi na nyani, na pengine nguruwe mwitu.

Hatua ya 8: kulala, kuoga, kula

Mlangoni unavua viatu, unavigeuza vitazame nje. Ndani kuna ndara. Kwenye chumba cha mikeka unavua hata hizo. Chooni kuna ndara zake, zisitoke nje ya choo. Nyumba nyingi za kale za Iya zina irori, shimo la moto katikati ya sakafu. Moshi wake unapanda na kukausha paa la nyasi na kufukuza wadudu, kama dari ya jiko la bibi kijijini. Iliyo maarufu zaidi ni Chiiori, nyumba ya zaidi ya miaka 300 ambayo Mmarekani Alex Kerr aliinunua mwaka 1973 ikiwa gofu, akaifufua. Huko Ochiai nako nyumba za nyasi zilizokarabatiwa hupangishwa kwa wageni, ndani zikiwa na joto na choo cha kisasa.

Bafu ni la nyumba nzima. Unajisugua na kujisuuza kabisa nje ya beseni, ukiwa umekaa kwenye kistuli, ndipo unaingia kwenye maji ya moto kujiloweka. Maji hayo ni ya wote watakaokufuata, usizibue. Kwenye chemchemi za maji moto watu huoga pamoja uchi, wanaume kwao na wanawake kwao. Kama hilo haliwezekani kwako, uliza mapema kama kuna bafu la kukodi peke yako. Hoteli nyingi zinalo.

Chakula cha Iya ni cha mlimani. Soba yao ni tambi nene za ngano nyeusi zinazokatika upesi, kwa sababu hawachanganyi unga mwingine mwingi. Dekomawashi ni mshikaki wa kiazi kidogo, tofu (jibini la maharage ya soya) na konnyaku (kama jeli ngumu ya kiazi) uliopakwa miso, rojo la soya lililochachuka, na kuchomwa kando ya moto. Jina lake maana yake kuzungusha vikaragosi, maana mshikaki unageuzwageuzwa kama kikaragosi. Tofu ya huku ni ngumu, wazee husema zamani mtu aliifunga kamba ya majani akaibeba begani. Viazi ni vidogo na vitamu.

Kwa Waislamu na wasiotumia pombe: mwandikie mwenye nyumba siku nyingi kabla, si jioni ile. Tatizo si nguruwe peke yake. Mirin, kiungo cha pombe, huingia kwenye mchuzi wa soba na kwenye vyakula vingi vya kupika. Maneno ya kushika: "butaniku nashi" ni bila nguruwe, "osake nashi" ni bila pombe, "mirin mo nashi" ni bila hata mirin. Samaki wa mtoni aliyechomwa kwa chumvi tupu, wali mweupe, na viazi vya moto wa irori ni mlo kamili, na wenyeji wakiambiwa mapema hupika kwa furaha. Kibla kutoka hapa ni magharibi ikielekea kaskazini kidogo.

Njiani kurudi, mwenye nafasi ashuke Anabuki kwenye reli ya kwenda Tokushima, akaone mtaa wa Wakimachi. Hapo walikaa wafanyabiashara wa nili, rangi ya bluu ya nguo, ya Awa, jina la zamani la Tokushima, na kati ya nyumba na nyumba walijenga ukuta mdogo wa plasta wa kuzuia moto, udatsu. Ulikuwa wa gharama, kwa hiyo mpaka leo asiyefanikiwa Wajapani husema hajainua udatsu wake.

Siku ya kuondoka

Fika kituoni dakika 10 kabla. Basi la Kijapani halisubiri wala halitangulii. Mwenye nyumba anaweza kukusindikiza hadi barabarani, na ukishapanda hataondoka. Atasimama akipunga mkono mpaka basi likunje kona, na kona ya kwanza ya Iya huwa mbali. Kaa kiti cha nyuma, geuka, na wewe upunge mpaka mwisho.